Gari Lililofunguka Juu

Mwaka jana kitinda mimba wangu alikuja kunichukua nyumbani na gari alilolinunua, jipya kwake, maana huko lilikotoka wengine walishalichosha. Tulipoingia barabara kubwa akabonyeza kitufe, paa likarudi nyuma lenyewe, jua likanimwagikia kichwani. "Mama, umeiona sanrufu?" akauliza, akingoja nishangae. Sikushangaa. Pua yangu ilikuwa imeshanasa harufu ya kitambaa cha dari kilicholowa kikakauka, kikalowa tena, kikashika vumbi la miaka. Nikapitisha kidole kwenye kona ya dari, juu ya mlango, nikakuta baka la rangi ya kutu. Nikamwambia afunge. Alidhani naogopa mafua.

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Nikipewa lifti najaribu kwanza kama mlango unafunguka kwa ndani. Nikiona mtu anacheka peke yake nahamia upande wa pili wa barabara. Watoto wangu wanasema ni uzee, lakini wenzangu niliokua nao Iringa wanajua kwamba ugonjwa huu nilikuwa nao tangu tunakwenda shule bila viatu. Na mtu wa kwanza niliyemshuku kwa moyo wangu wote alikuwa baba yangu mzazi, kwa sababu ya paa la gari.

Baba alikuwa muuza nguo. Babu alitoka pwani na marobota ya vitambaa, akafika Iringa, baridi ikamzuia kurudi, akaoa na kuzikwa huko huko. Baba akarithi duka dogo mtaa wa Mshindo, pamoja na tabia ya kutovua kofia hata ndani ya nyumba. Mama alikuwa Mhehe wa upande wa Kalenga, mwanamke wa maneno machache na yote makali. Dada zangu wawili walikuwa wameshaolewa, kwa hiyo ugomvi wa wazazi wangu niliushuhudia peke yangu.

Gari baba alilinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya barabara kuu ya kwenda Mbeya. Barabara ilipokwisha, mzungu akarudi kwao na gari likabaki. Lilikuwa dogo, rangi ya maziwa yaliyoganda, mlango mmoja kila upande. Darini, juu ya viti vya mbele, palikuwa na mkono mdogo wa chuma wa kuzungusha. Siku ya kwanza baba alituketisha ndani, akauzungusha ule mkono, na kipande cha bati la paa kikaanza kujivuta nyuma taratibu huku kikikwaruza, mpaka tukawa tunatazama mawingu. Baba alitabasamu kama aliyeyapanga yeye mwenyewe.

"Umenunua gari bovu," mama akasema.

"Bovu? Mke wangu, hii ni anasa. Wenzetu wanalipia zaidi kupata hii."

"Gari ina tundu juu, unaniambia anasa. Watu wote wanaezeka nyumba, wewe umenunua ya kuezua."

"Si tundu. Ni paa la kufunguka. Hewa inaingia, moshi unatoka, mwanga unakuwa mwingi. Usiku wa joto unaona nyota."

"Iringa hapa, joto gani?"

Baba akazungusha mkono, paa likajifunga. Alilifunga kwa upole, kama vile maneno yale yangeweza kuliumiza.

Kusema haki, mimi paa lile nililipenda kabla sijaliogopa. Nilikuwa mtoto wa kutapika safarini. Kila tulipokwenda Mbeya kwa shangazi nilikuwa nafika nimenyauka, na mama akitembea na kopo lake maalumu kwa ajili yangu. Lakini paa likifunguliwa, nikilala chali kwenye kiti cha nyuma na kutazama juu, tumbo lilitulia. Niliona matawi ya miti ya Mafinga yakipita, niliona mwewe, niliona wingu moja likitufuata mpaka Makambako. Baba alikuwa ananitazama kwenye kioo na kuuliza, "Zena, tumbo?" Nami namjibu, "Halijambo, baba." Safari ya tatu mama aliacha kubeba kopo.

Kasoro zilianza kujitokeza moja moja. Ya kwanza ilikuwa upara wa baba. Jua la saa saba likiwa wima lilipenya hadi ndani ya kofia, akawa anafika Mbeya amebabuka kichwa, anapakwa mafuta na dada yake huku akikana kwamba panauma. Ya pili ni kelele. Gari likishika mwendo, upepo ulipiga ngoma juu ya vichwa vyetu hata mazungumzo yakawa ya kupiga ukelele. Ya tatu ni siku paa lilipogoma njiani. Tulikuwa tumetoka Makambako, baba kalifungua kidogo ili kioo cha mbele kisishike ukungu, mara manyunyu yakaanza. Akauzungusha mkono, ukazunguka bure bila kuvuta kitu. Mama akatoa mwavuli wake mweusi, akaufungua humo humo ndani ya gari, na hivyo ndivyo tulivyoingia Mafinga, mwavuli umechomoza juu kidogo na watu wa kituo cha mafuta wameacha shughuli zao wanatutazama. Mama hakutamka neno mpaka nyumbani. Alipofika alisema, "Anasa," akaingia jikoni.

Kasoro kubwa zaidi ilikuwa vumbi. Kila baada ya wiki mbili baba alikwenda Ubaruku, kwenye mashamba ya mpunga ya bonde la Usangu, kuwauzia kanga wakulima na wale wafugaji waliohamia kutoka kaskazini na ng'ombe wao. Ukiacha lami, njia ya kuingia kule ilikuwa vumbi tupu, jekundu, laini kama unga, nalo lilipenya pembeni mwa lile bati hata likiwa limefungwa. Mvua zilipoanza, maji yakaanza kudondoka kutoka dari ya gari. Hayakuwa maji meupe. Yalikuwa mekundu mazito, yakashuka kwenye kitambaa cha dari, yakachora mabaka juu ya kiti cha nyuma, mahali pangu pa kulala.

Baba akalipeleka gari kwa fundi mmoja wa Mbeya, mzee wa Kinyakyusa aliyekuwa akiyajua magari ya wazungu. Fundi akamweleza jambo fulani muhimu kuhusu mapaa ya namna ile. Mimi sikulisikia, nilikuwa kwa shangazi nakula ndizi. Ningelisikia, nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia.

Sasa kumbukeni siku zile zilikuwaje. Ilikuwa miaka ya mumiani. Kwetu wengine walisema chinjachinja, lakini mtu ni yule yule: anakamata watu, ananyonya damu yao, damu inakwenda kutengenezewa dawa. Wakubwa walinong'ona, na sisi tulisikia minong'ono kuliko tulivyosikia kengele ya shule. Mtu akichelewa kurudi kutoka kuokota kuni, mumiani. Gari geni likisimama kando ya barabara bila sababu, mumiani. Hakuna aliyewahi kumwona, na kila mtu alikuwa na shemeji aliyemwona.

Mtaalamu wetu wa mambo hayo alikuwa Sikudhani, rafiki yangu, tuliyekaa naye dawati moja. Mama yake alikuwa muuza mboga sokoni, na soko ndilo lililokuwa redio ya mji. Siku moja tukiwa tunaruka kamba alisimama ghafla akaniambia, "Zena, gari ya mumiani unaijua?"

"Siijui."

"Ina mlango juu. Mtu akiingizwa kwa pembeni watu wanaona. Wanamwingizia juu, kichwa kinatangulia. Mama kasema."

Nilihesabu magari yote ya Iringa niliyoyajua, nikakuta lenye mlango juu ni moja tu.

Tangu hapo nikaanza kumchunguza baba. Mtoto akitafuta haikosi atapata. Kwa nini alipotoka Ubaruku alikuwa mchovu hivyo? Kwa nini alinunua gari kwa mzungu, na mzungu akaondoka haraka? Kwa nini alikuwa anafua kitambaa cha kiti cha nyuma yeye mwenyewe, mwanamume asiyejua hata sabuni inawekwa wapi? Niliyatazama maji ya beseni lake yakimwagwa uani. Yalikuwa mekundu. Nikamtazama usoni, akanikonyeza kama kawaida yake, na mimi nikatabasamu kwa sababu sikujua la kufanya.

Kisha ikaja ile siku. Ilikuwa mchana baada ya mvua, mama kaenda msibani, duka limefungwa kwa ajili ya chakula. Nilizunguka nyuma ya nyumba kufuata kuku wetu, nikamkuta baba amepiga magoti matopeni kando ya gari, mlango wazi. Kwenye ubavu wa gari, chini pale bawaba zilipo, kulikuwa kumetokeza kimpira chembamba cheusi. Baba alikuwa amekiweka mdomoni. Alikuwa ananyonya. Mashavu yamebonyea, macho yamefumbwa, ananyonya kwa nguvu zake zote. Mara akaruka nyuma, akatema. Alichokitema kilikuwa chekundu. Kilimchuruzika kidevuni mpaka kwenye ndevu.

Akaniona. Tukatazamana. Akajifuta kwa mkono na kusema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Usimwambie mama yako."

Leo najua kwamba alikuwa anaogopa kuchekwa. Mama angelijua kwamba ile anasa imefikia hatua ya kunyonywa kwa mdomo, asingeisahau mpaka kiyama. Lakini mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilichokisikia ni mtu mwenye damu mdomoni anayeniomba siri.

Mama sikumwambia. Nilimaliza siku nzima nimeinyamazia, jioni nikala wali wa mchele alioleta baba kutoka Ubaruku, na nilipokuwa natafuna nilijiuliza umenunuliwa kwa kitu gani. Lakini mkate wake niliupokea asubuhi, na mkono wake nikaushika tulipovuka barabara. Hilo ndilo ambalo mpaka leo silielewi vizuri. Nilimwogopa baba na nilimpenda baba, na vile vitu viwili vilikaa pamoja bila kugombana.

Kilichonisumbua kilikuwa Sikudhani. Baba alizoea kuwapa lifti watoto wa shule mvua inaponyesha, na Sikudhani alipenda sana kukaa kiti cha mbele. Nikaona siwezi kunyamaza rafiki yangu akaisha. Nikamvuta nyuma ya vyoo vya shule.

"Baba akikupa lifti, kataa."

"Kwa nini?"

"We kataa tu."

"Sikatai kama husemi."

Nikasema. Nilimwapisha kwanza, akaapa kwa jina la Yesu na kwa jina la bibi yake aliyekufa, na kabla ya magharibi mama yake alikuwa ameshajua.

Sijui maneno yalitembeaje, najua tu yalivyofika. Duka letu likaanza kupungua watu. Wanawake waliokuwa wanakuja kufunua kanga zote na kutonunua hata moja wakaacha hata kuja kufunua. Watoto walikimbia baba alipopiga honi. Siku moja alisimamisha gari mvuani ili amchukue bibi mmoja aliyebeba mzigo wa kuni, bibi akatupa kuni zote akakimbilia mtaroni. Baba alirudi nyumbani amezipakia zile kuni, kalowa, anauliza, "Watu wana nini siku hizi?" Mama akasema labda ni bei. Mimi nilikuwa nachora kwenye daftari, na nakumbuka penseli ilivunjika mkononi.

Wiki iliyofuata baba akaenda tena Ubaruku. Kule alinunua mikeka mirefu ya milala, miwili, ya kuuza. Haikuingia kwenye gari kwa ubavu. Hapo akafurahia ujanja wa paa lake: akalifungua, akaisimamisha mikeka kwenye nafasi ya kiti cha abiria, ikachomoza nje. Kwa kuwa mawingu yalikuwa yametanda akaifunika na kuifunga kwa kipande cha kitambaa cha marekani, cheupe, kuanzia juu mpaka chini. Cheupe kama sanda. Akaendesha hivyo kutoka Usangu mpaka Iringa, mvua ikamkuta njiani, akapanda kilima cha mji, akapita mbele ya soko saa kumi jioni, watu wamejaa, gari linavuja maji mekundu mlangoni.

Mimi na mama tulikuwa dukani. Tulisikia kelele kwanza. Tulipotoka tukaona gari la baba limesimama hatua chache kutoka kwetu, limezimika, na watu wamelizunguka, wapagazi wa sokoni, vijana, wanawake na matenga yao. Walikuwa wengi hata milango ya gari haikuweza kufunguka. Kila aliyetazama ndani alipiga ukelele na aliyekuwa nyuma yake akasukuma ili naye aone. Mtu akapaza sauti, "Amemfunga sanda! Mtu huyo, amemfunga sanda!" Jiwe likapiga kioo cha nyuma, kikapasuka.

Mama alinishika bega mpaka kucha zikaingia. Nikaona bati la paa linajaribu kusogea, likakwama, likajaribu tena. Baba alikuwa ndani anazungusha ule mkono wake kwa nguvu zote. Kisha mikeka ikasukumwa juu, ikaangukia kwenye boneti, na kwenye upenyo kikatokea kichwa cha baba bila kofia, kikafuatiwa na bega moja, halafu la pili. Akasimama juu ya kiti, nusu nje nusu ndani. Kama paa lisingefunguka, sijui angetokea wapi. Lakini umati ulipomwona anatokea juu, ukarudi nyuma kwa kishindo, maana ndivyo walivyoambiwa mumiani anavyotoka.

"Kamweneni," baba akawaamkia Kihehe. "Kuna nini, ndugu zangu?"

Mama Sikudhani alikuwa mbele kabisa. "Usituamkie! Mtoto wako mwenyewe alisema. Alikuona unanyonya damu kwa mpira, unatema!"

Watu wote wakageuka kunitazama. Baba naye akanitazama.

Nilikuwa naamini kila neno alilosema Mama Sikudhani. Ningeapa mbele ya shehe na mbele ya padri. Niliyaona mawe mikononi mwa wapagazi, nikaona ule upara wa baba uliobabuka, nikafungua mdomo nikalia kwa sauti niliyokuwa nayo yote: "Nilidanganya! Sikuona kitu! Baba si mumiani, nilidanganya!"

"Mnaona? Ameshafundishwa," mtu akasema.

Ndipo baba alipofanya kitu ambacho sikukitegemea. Akainua mikono miwili. "Hapana," akasema. "Huyu mtoto hajazoea kusema uongo. Aliniona kweli. Nilikuwa nanyonya."

Nikasikia maji yanadondoka kwenye gari.

"Mama Sikudhani," akaendelea, sasa kwa ile sauti yake ya dukani, "wewe unanishuku kuliko wote, kwa hiyo nakuomba wewe, usinitafutie mtu mwingine. Chukua ndoo ya maji. Mimina hapa." Akaonyesha kidole kwenye kijifereji kinachozunguka upenyo wa paa. "Fundi wa Mbeya kaniambia paa hili halikutengenezwa kuzuia maji. Maji lazima yaingie. Yanaangukia kwenye huu mfereji, yanapita kwenye mipira iliyofichwa ndani ya nguzo za mlango, yanatokea chini. Mipira ikizibwa na vumbi, maji yanakosa njia, yanaingia ndani. Mimina, utaona."

Mama Sikudhani alisita, lakini mbele ya umati hakuna anayependa kuonekana anaogopa ndoo. Akaletewa maji, akapanda kwenye tenga, akamimina mkono umenyooka mbali na mwili. Tukangoja. Hakuna kilichotoka chini. Mpagazi mmoja akahamisha jiwe lake kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia.

"Imeziba tena," baba akasema. "Niacheni nishuke."

Wakamwachia nafasi ya mlango, nafasi ndogo tu. Akapiga magoti pale barabarani, mbele ya soko zima, mbele ya mke wake, akautafuta ule mpira chini ya bawaba, akautia mdomoni akanyonya. Nilifumba macho. Nikasikia amekohoa, ametema, kisha nikasikia maji yanabubujika. Nilipofumbua, maji mekundu yalikuwa yanatoka kwenye mpira yanaelekea mtaroni, na Mama Sikudhani amechuchumaa. Akachovya kidole, akanusa, akakisugua kwenye kidole gumba kama anayepima unga.

"Udongo," akasema. Akanusa tena. "Udongo wa Usangu huu."

"Na kutu kidogo," baba akasema, akijifuta ndevu.

Mzee mmoja akafungua ile marekani kwenye boneti, akaikunjua mikeka, akauliza bei. Hapo watu wakaanza kucheka, kwanza wachache, halafu wote, kicheko cha watu waliokuwa karibu kufanya jambo baya sana na hawakulifanya. Mawe yakawa yanaangushwa kimya kimya. Mama aliniachia bega, akaenda kumpa baba ncha ya kanga yake ajifute mdomo. Hakusema neno kuhusu anasa. Kwa kweli hakulisema tena maisha yake yote.

Baba hakuliuza gari wala hakuliziba paa, ingawa fundi alimshauri agongelee bati juu yake na kumaliza kazi. Kila Jumamosi alilileta mbele ya duka, akawaita watoto wa mtaa wamimine maji juu na kuangalia yanatokea wapi. Alizibua mipira kwa waya wa breki ya baiskeli. Duka likarudi kuwa na watu. Mama Sikudhani akawa mteja wetu, tena wa kukopa.

Tangu siku ile baba akapata hadithi. Aliisimulia harusini kwangu, aliisimulia kila mjukuu alipozaliwa, na kila mara mwisho wake ulikuwa mmoja. Hakujisifu kwa kusimama juu ya kiti wala kwa ile ndoo. Alisema: "Watu wote wa mji walinishuku, mtu mmoja tu alikuwa na imani nami, mtoto wa miaka tisa. Alisimama mbele ya mawe akasema baba yangu si mumiani." Halafu macho yake yanalowa, ananishika mkono, wageni wananisifu. Na mimi nainamisha kichwa. Waliona ni haya ya kike.

Niliibeba ile sifa miaka zaidi ya thelathini, na ilikuwa nzito. Nilijua vizuri kwamba katika umati ule wote, aliyeamini kuwa baba ni mumiani kuliko hata Mama Sikudhani nilikuwa mimi. Mara nyingi nilitaka kumwambia, nikaona ninataka kumnyang'anya mzee kitu anachokipenda ili mimi nilale vizuri. Nikaacha.

Mama alipofariki, baba akahamia kwangu Mbeya. Alasiri moja tulikuwa tumeketi barazani tunakunywa chai, wajukuu wameshasimuliwa hadithi yao na wamekimbilia kucheza. Alikuwa mzee sana, sauti imebaki ndogo. Akaniambia, "Unajua Zena, siku ile ningekufa, ningekufa najua kuna mtu mmoja ananiamini. Hilo limenitosha maisha yangu."

Sijui ni kwa nini nilishindwa siku hiyo na si siku nyingine. Moyo ulikuwa umejaa. Nikasema, "Baba, mimi sikukuamini."

"Unasema?"

"Niliposema nimedanganya, ndipo nilipokuwa nadanganya. Nilikuwa naamini kabisa kwamba wewe ni mumiani. Niliamini tangu ulipotema kule uani."

Nilisikia watoto wanagombania mpira.

"Sasa kwa nini ulinitetea?"

"Ulikuwa baba yangu."

"Na watu niliowanyonya? Hukuwafikiria?"

Nilitaka kumdanganya. Lakini nilikuwa nimeshaanza kusema kweli, na nikaona aibu kuishia katikati. "Sikuwajua, baba," nikasema. "Niliyemjua ni Sikudhani, na yeye nilishamwonya."

"Kwa hiyo ingekuwa kweli..."

"Ningenyamaza."

Nilingoja acheke. Baba alikuwa mwepesi wa kucheka, na kisa chenyewe kilikuwa cha kuchekesha, miaka yote ile imepita. Hakucheka. Alinitazama polepole, kuanzia mikono yangu mpaka usoni, kama mtu anayemtazama mgeni aliyeketi kando yake kwa mara ya kwanza. Kisha akanyoosha mkono, akakivuta kikombe chake cha chai mbali nami, upande wake wa meza.

Sikumlaumu.